Besi ya Mpingo Mtupu

Mtaa mzima ulimwita Mama Randa, ingawa hakuwahi kuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lolote. Alikuwa seremala, binti wa seremala, na karakana aliyorithi kwa baba yake ilikuwa chumba kirefu chenye bati linalovuja upande mmoja, meza ya kazi yenye jiliwa mbili za kubania mbao, na mbao zilizoegemezwa ukutani kama wageni waliokosa viti. Alianza na vigoda na milango. Mumewe alipoingia kwenye bendi, akawa anamtengenezea vyombo vikiharibika, kisha akawatengenezea na wenzake, na mwishowe akaunda magitaa mwenyewe, tangu ubao mbichi hadi uzi wa mwisho.

Huyo mume walimwita Kishindo, kwa jinsi alivyopiga besi. Akigusa uzi mnene, vikombe kabatini viligongana. Alikuwa mtanashati na mcheshi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. Alipoamua kumwacha mkewe hakugombana naye. Alifungasha tu, akasema nyumba imejaa vumbi la mbao mpaka kitandani, na kwamba kushikana mikono na mke huyu ni sawa na kushikana na msasa.

Yangeishia hapo, basi. Ndoa ngapi huvunjika na maisha yakaendelea? Lakini Kishindo aliona maneno yale ni matamu mno kuyaacha nyumbani. Akayapeleka kwenye bendi, yakawa wimbo, "Mke Msasa", na wimbo ukashika. Watoto waliuimba wakipita mbele ya karakana. Kinyozi wa jirani aliufungulia redio kwa sauti kubwa, halafu akikumbuka nani yuko ng'ambo ya ukuta, akapunguza. Kule kupunguza ndiko kulikomuuma Mama Randa zaidi.

Hakulia mbele ya mtu. Aliinama kwenye kazi, na jina lake likakua hadi wapigaji wa miji mingine wakawa wanamfuata yeye.

Ndipo asubuhi moja Kishindo akaingia, nywele kazipaka rangi, viatu vyeupe pe, na nyuma yake mke mpya, msichana mrefu aliyekuwa mwitikiaji kwenye bendi hiyohiyo.

"Hodi, fundi! Bado upo tu?"

"Nipo. Karibuni. Angalia viatu, hapa pana vumbi."

"Vumbi nalijua, nililala nalo." Mke mpya akatabasamu kidogo. "Haya, kazi ni kazi, bibie. Nataka besi. Si ya dukani. Nataka besi ambayo nikipanda nayo jukwaani, watu wasahau kwamba kuna mwimbaji."

Mama Randa angeweza kumfukuza. Badala yake alitandaza karatasi ya kaki mezani, akachukua penseli nyuma ya sikio, akamuuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote. Nyuzi ngapi? Tano. Sumaku za kunasa sauti, moja au mbili? Mbili, na zifichwe zisionekane. Mbao gani?

"Mpingo."

"Mpingo wa uso? Ndani tuweke mbao nyepesi?"

"Mpingo mtupu. Mwili mzima."

"Mpingo ukiutupa majini unazama."

"Kwani nimekwambia nataka mtumbwi?"

Mke mpya akacheka. Mama Randa akachora umbo: kiuno chembamba, na juu pembe ndefu, ile inayoshika mkanda upande wa shingo.

"Hiyo pembe toa," Kishindo akasema. "Magitaa ya wazee hayo. Nataka mviringo, kama mwezi."

"Pembe hii ndiyo inayoweka gitaa sawa kifuani. Ukiitoa, kichwa kitaelemea chini. Utakuwa unalibeba kwa mkono wa kushoto huku unapiga."

Na hapo penseli yake ikasita, kwa sababu mkono huo wa kushoto aliujua kuliko mtu yeyote. Kishindo aliuvunja kwenye pikipiki kabla hajawa na jina, na mfupa wa kifundo ukaunga upande. Miaka yote ya ndoa yao, kila jioni aliukanda kwa kitambaa cha moto, mlango umefungwa, maana hakuna bendi inayotaka mpiga besi mwenye mkono mbovu. Ilikuwa siri yao wawili. Kwa hiyo aliinamisha kichwa, akasema polepole, asisikike na mwingine:

"Na mkono wako unaujua."

Kishindo akamgeukia mkewe, akapaza sauti. "Unamsikia? Ndiyo maana nilikimbia! Huyu ukimwomba kiti anakupa hotuba. Leo unauhurumia mkono wangu? Ulipokuwa unaukwaruza na hivyo viganja, huruma ilikuwa imesafiri?"

Mke mpya akacheka tena, safari hii hadi akashika mdomo. Kishindo akaanza kugonga jiliwa kwa kidole, taratibu, mapigo ya wimbo ule ule.

Baadaye Mama Randa alisema kwamba hakuona hasira hata kidogo. Kitu ndani yake kilitulia tu, kama ubao unaokaa mahali pake.

"Sawa," akasema. "Mteja ni mfalme. Pembe tunaitoa." Akaifuta kwa raba, akapuliza karatasi. "Tuje kwenye shingo. Unaitaka nyembamba au pana?"

"Pana."

"Kuna pana ya kawaida, na kuna pana ya wanaume."

"Sasa hilo nalo swali? Ya wanaume!"

"Na ndefu?"

"Ndefu. Kusiwe na ndefu kama yangu."

"Basi na funguo za kichwani, za kukazia nyuzi, tuweke zile kubwa za chuma kizito. Taa zikizipiga, mpaka mtu wa mlangoni ataziona."

"Eh! Leo unaongea, fundi."

"Na mkanda uwe mwembamba, wa ngozi. Mipana inaficha shati."

"Mwembamba!" Kishindo akapiga meza. "Unaona, mke wangu? Kumbe anajua."

Kila alichoongeza Mama Randa kilikuwa mzigo, na kila mzigo aliupaka asali kabla ya kumkabidhi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Haisemwi yatakuwaje mkuu mwenyewe akigeuka na kumsukuma mtu.

Kazi ikaanza. Mpingo si mbao ya mchezo. Ulimlia meno ya misumeno na kumjaza vumbi jeusi puani. Lakini hakuharakisha wala hakulipua kazi popote. Alitaka besi ile iwe nzuri kupita zote, maana kitu kibaya Kishindo angekirudisha.

Mwili ukiwa bado vipande viwili mezani, haujapigwa gundi, mke mpya alirudi peke yake. Alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuazima chumvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Siku ile nilicheka. Nilicheka kwa sababu yeye alicheka."

"Nilikuona."

Msichana akasogea, akajaribu kunyanyua kipande kimoja kwa mkono mmoja. Hakikunyanyuka. Akakishika kwa mikono miwili, akakirudisha chini. "Dada, mkono wake ni mbovu. Asubuhi hawezi kufunga kifungo mpaka niukande. Anadhani sielewi. Hivi huwezi kuuchimba huu ubao ndani? Ukaacha ganda la nje tu, yeye asijue?"

Mama Randa akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili ya ufundi, na jibu lake lilikuwa rahisi: ndiyo, inawezekana. Patasi na keekee ya kutobolea, kazi ya asubuhi moja, na sauti isingepungua kitu.

"Alisema mpingo mtupu," akajibu.

"Lakini wewe ndiye unayejua, dada."

"Mimi najua mbao. Mkono una mwenyewe, na mwenyewe ana mke."

"Nakuomba."

"Kamwambie wewe basi. Kaa naye kitandani umwambie mkono wake umekwisha. Tuone na wewe utatungiwa wimbo gani."

Msichana akaondoa mkono kwenye ubao. Ilikuwa wazi kwamba alishawahi kujiuliza hilo. Akaaga kwa adabu, akatoka, na hakumwambia mumewe neno. Mama Randa akapaka gundi, akaviunganisha vile vipande, akakaza vibano mpaka gundi ikatoka pembeni kama jasho.

Besi ilizinduliwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi uliojaa. Mama Randa alivaa gauni lake la bluu, akakaa safu za mbele. Kishindo alipoligusa lile gitaa, watu walipiga kelele wote pamoja. Sauti ilikuwa nene na safi, ikitoka chini ya miguu kama maji yanayopita mtaroni wakati wa masika. Mama Randa aliisikia mifupani. Alijua, bila kujidanganya, kwamba hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na machozi yakamlenga.

Halafu akaanza kutazama mkono. Kichwa cha gitaa kilikuwa kinaelemea, na Kishindo anakivuta juu; kinaelemea, anakivuta. Mara aliegemeza shingo kwenye paja, akajifanya anacheza. Mkanda ulikuwa umezama begani kama kamba kwenye gunia. Jasho lilimtiririka hata nyimbo zilipokuwa za polepole. Walipofika kwenye "Mke Msasa", baadhi ya watu wakageuka kumtazama mtalaka wake. Mama Randa akapiga makofi, kwenye mdundo barabara, mpaka wimbo ukaisha.

Kishindo angeweza kuliweka gitaa lile nyumbani na kurudia la zamani. Lakini picha zake nalo zilikuwa zimebandikwa kila ukuta, na angemwambia nani sababu? Akaendelea kulibeba. Kwanza vidole viwili vilikufa ganzi. Akawa anavitikisa kati ya wimbo na wimbo. Kisha dole gumba likagoma kubana shingo, akaanza kukosea mahali ambapo hata mlevi mlangoni alijua amekosea. Kiongozi wa bendi akampa kiti. Baadaye akamletea kijana wa kumpokea "ili mzee apumzike". Kishindo alikuwa hajafikia umri wa kuitwa mzee. Akapumzika wiki, akapumzika mwezi, na hakuna aliyekuja kumwamsha. Daktari aliyemwona mwishoni alisema mishipa ya kifundo imesagika kwa muda mrefu, na kwamba kama angewahi, pengine. Kinyozi ndiye aliyemletea Mama Randa habari hizo, naye akauliza tu ni daktari wa wapi, akaendelea kupiga randa.

Mvua za mwanzo zilipoanza, walikuja wote wawili. Mke ndiye aliyebeba gitaa mgongoni, ndani ya sanduku lake, amejikunja. Kishindo alikuwa amevaa shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, sawasawa, kama mtoto anayepelekwa shule. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Litafutie mtu," akasema, akionyesha gitaa kwa kidevu. "Mtu mwenye mabega."

"Atapatikana."

Kishindo akakaa kwenye kigoda. Akaangalia mbao ukutani, bati, jiliwa. "Fundi, kosa si lako," akasema. "Kosa ni la huu mkono. Wewe ulinipa kile nilichotaka, hukunibishia. Popote nitakapokaa nitawaambia watu: magitaa ni kwa yule mama." Sauti yake ilikuwa ya upole, upole ambao hakuwahi kumpa alipokuwa mkewe. "Na ule wimbo. Unajua ulikuwa utani tu."

"Najua," Mama Randa akasema.

Alikwenda kwenye mtungi nyuma ya mlango, akachota maji katika vikombe viwili, akawaletea. Kishindo akapokea kwa mkono wa kulia, akanywa yote, akashukuru. Mke wake akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akimtazama Mama Randa usoni bila kupepesa. Kisha akakiinamisha, akamwaga maji sakafuni kwenye vumbi la mbao, yote, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Vipi tena?" Kishindo akauliza.

"Yameingia mdudu," mke akasema. Akakiweka kikombe mezani, akamshika mumewe kiwiko, akamsaidia kuinuka, wakatoka mvuani.

Mama Randa akafagia lile tope, akalisukuma nje kwa ufagio, na akafungua sanduku kuona kama gitaa limepata mikwaruzo.