Mbung'o Mgongoni mwa Lino

Saa tatu asubuhi, Goretti Keji anakamua shuka za wagonjwa nyuma ya hospitali moja mjini Juba. Kila mlango wa wodi ya wanaume unapofunguka, anaacha shuka na kutazama nani anatoka, na amebeba nini.

Ndani ya wodi hiyo amelazwa mumewe, Lino Igga. Leo anadungwa sindano ya saba kati ya kumi.

"Kila sindano mimi nasikia kama iko ndani ya mwili yangu," anasema Goretti.

Goretti, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni dobi wa hospitali hiyo tangu mwaka 1973, aliporudi kutoka uhamishoni Uganda. Lakini majirani zake wa mtaa wa Nyakuron wanamjua kwa jambo jingine: anakusanya wadudu. Anao mia nne na kumi na wawili, amewachomeka kwa miiba ndani ya mikebe ya biskuti. Wamo kerengende, vivunjajungu, na mbawakawa wa rangi ya shaba. Hajawahi kumuuza hata mmoja.

"Nikitoka kazi nimechoka, nafungua mkebe, naangalia mabawa. Roho inatulia."

Mapenzi hayo yalianza Uganda, alipokuwa mpishi katika kambi ya wakamataji wa mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale, ugonjwa wa usingizi. Wanaume walimwaga nzi mezani ili kuwahesabu, naye akiinama kutazama. Baada ya mwaka mmoja aliwatambua upesi kuliko baadhi yao.

Huko huko malale yalimchukua dada yake, Rebecca. "Alianza kulala mchana, chakula bado iko mdomoni," anakumbuka.

Machi mwaka huu, 1977, Goretti na Lino walikuwa wakirudi kutoka shamba lao la mboga Rejaf, karibu na mto. Lino alikuwa ametangulia. Nzi akatua mgongoni mwake na kukunja mabawa, moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa.

Goretti alimtambua mara moja kuwa ni mbung'o, akampiga kwa kiganja na kumfunga kwenye pindo la leso.

"Nini?" aliuliza Lino.

"Nzi tu."

Hadi nyumbani alitembea akimtazama mgongo. Tangu Krismasi mumewe alikuwa akilalamikia kichwa, akisinzia wakati wa kula, akigombana ovyo. Goretti alidhani ni pombe.

Walipofika, alimwambia akae amnyoe. Vidole vyake vikapita kisogoni, vikakuta vivimbe vitatu, kila kimoja kama punje ya haragwe.

"Nilijua ni malale. Nikaweka wembe chini," anasema.

Jirani yao Tisa alipomwona mbung'o yule, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, akimwita kwa jina la binti yake. "Mama Gune, wewe ndiye naweka ugonjwa ndani ya mikebe! Choma hii wadudu yako!" Siku ya pili hakuna mtoto aliyekanyaga ua wao. Hata Lino alimuuliza, "Ni hao wadudu wako?"

Goretti anasema swali hilo lilimuuma kuliko kelele za Tisa.

Hospitalini alikompeleka mdudu yule, karani alimcheka na kumwambia huyo ni nzi wa ng'ombe. Goretti alisimama kwenye mlango wa maabara siku mbili, hadi mpimaji, Saturnino Loku, alipokubali kumtazama mdudu huyo kwa lenzi.

"Umempata wapi, mama?"

"Rejaf. Na mume yangu iko na uvimbe kwa shingo."

"Mlete leo. Usingoje kesho."

Lino alikataa katakata. Goretti akapiga magoti mbele yake. "Rebecca mimi nilimuosha maiti. Wewe sitaki kukuosha."

Lino akaanza kutafuta viatu vyake.

Maji yaliyochotwa kwenye uvimbe yalionyesha vimelea vya malale. Saturnino alimwita Goretti aje aone vinavyojinyonganyonga chini ya darubini.

"Maisha yangu yote, ile siku ndiyo mara ya kwanza sikutaka kuangalia," anasema.

Kipimo cha uti wa mgongo kinaonyesha ugonjwa haujafika kwenye ubongo. Hata hivyo, Lino atapimwa kwa miaka miwili kabla ya kuambiwa amepona. Binti yao Gune, mwenye miaka tisa, alikuwa akipita njia ile ile ya Rejaf. Kipimo chake cha kwanza ni safi, ila atarudia mwezi ujao. Kila mtoto huyo akipiga miayo, mama yake humwinamisha kichwa na kumpapasa shingo.

Mlango wa wodi unafunguka. Muuguzi anatoka na bakuli la sindano likiwa tupu. Sindano ya leo imeisha, na Lino anaomba uji. Goretti anakaa chini juu ya shuka alizokwisha kuzifua na kujifunika uso.

Lino akiruhusiwa kutoka, Goretti ana mpango. Kila Jumapili ataipita njia ya Rejaf akiwa na kitambaa cheusi mgongoni, kwa kuwa mbung'o hufuata kitu cheusi kinachotembea. Saturnino atamfuata nyuma na wavu, ili wajue ni wapi vifyekwe vichaka wanamokaa mbung'o.

"Naogopa," anasema. "Mwili yote inaogopa. Lakini wanawake wanafua nguo pale na watoto mgongoni, na hawajui hii nzi inafanana namna gani. Mimi najua."