Mstari Mweusi Kwenye Granaiti

Chekeni tu, hata mimi nimeshajicheka. Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu mpya wa jiografia hapa Ruiru, mkaguzi alikuja kuona kama nafaa kuthibitishwa kazini. Nikataka kumringia. Nikampeleka yeye na darasa zima Thika, kwa Baba Shiro, fundi wa mawe ya makaburi.

Uani kwake nikaona bamba la granaiti lenye mstari mweusi katikati. Wee! Bahati gani hii?

“Zamani sana,” nikanguruma, “sakafu ya bahari ilizama chini ya bara. Huko chini mwamba ukayeyuka, ukapanda, ukapoa, ukawa granaiti. Baadaye granaiti ikapasuka, na uji mweusi wa mwamba ukapanda ukajaza ule ufa. Ndio huu!”

Wanafunzi wakachora. Mkaguzi naye akatoa penseli, akachora.

Sikutosheka. “Baba Shiro, hebu waambie huu mstari ni wa lini.”

Akajikuna kichwa. “Wa Jumanne, mwalimu. Hiyo jiwe iliniponyoka ikavunjika. Nikachanganya gundi na masizi, nikaishikanisha.”

Mkaguzi akaniinamia sikioni.

“Mwalimu, uko na raba?”