Niliboresha kompyuta ili marehemu atembee vizuri zaidi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Naandika kutoka Butembo, Kivu Kaskazini. Haya niliyaona mwenyewe na sitaongeza chumvi. Anayetaka vipimo vya kompyuta atavipata humu, ila naomba asome mpaka mwisho.

Nilisomea informatique, yaani elimu ya kompyuta, hapa hapa mjini. Kazi yangu ni motion graphics: matangazo ya maduka, majina ya kwaya yanayoruka kwenye skrini, na zaidi ya yote video za matanga, yaani msiba.

Miaka hii kazi hiyo ya mwisho haikosekani. Ndiyo inayonilisha, na sijapata namna ya kuizoea.

Jirani yangu hapa mtaani Rughenda ni Mama Kavira, tunasali naye kanisa moja. Mwanawe Kambale alikuwa akinunua kakao upande wa Beni. Aliuawa akirudi kutoka mashambani. Barabara ilikuwa imefungwa, hivyo wenzake wakamzika huko huko, kwa haraka, kabla mama yake hajafika.

Asiyeujua msiba wa namna hii ashukuru. Wanawake huketi kuuzunguka mwili, mama akiwa karibu na kichwa. Kwa Mama Kavira waliuzunguka mkeka mtupu.

Akaniletea simu. Ndani mlikuwa na video fupi mno: Kambale anapanda kutoka mtoni na bidon, yaani dumu, la maji, anaikaribia kamera, kisha anaifunika kwa kiganja huku akicheka.

"Mwana yangu," akaniambia, "picha yake iko ku ukuta, lakini inasimama tu. Nataka bashangazi yake ba kule Kayna bamuone anatembea."

Video ilikuwa na giza, tena ya kukatakata. Nilitaka kuipunguza kasi ili watu wapate muda wa kumwona. Kompyuta yangu ilikataa. RAM GB 8, disque dur (hard disk) ya zamani ile ya kuzunguka, carte graphique (kadi ya picha) hakuna. Ukibonyeza preview inaganda. Ukivumilia, programu inajifunga yenyewe.

Nikaibeba kwa Muhindo, fundi wa kompyuta sokoni. Akaisikiliza feni, akacheka.

"Docteur, hii ni ordinateur ao ni moulin ya kusaga muhogo?"

"Tengeneza tu, kaka. Ni ya matanga ya Kambale."

Akaacha kucheka.

Kwa wanaouliza alichofanya: alianza na SSD mahali pa ile disque dur, na hiyo peke yake ilinipa pumzi. RAM ikafika GB 32, vipande viwili vinavyofanana. Kisha carte graphique iliyokwisha kutumika, iliyotoka Kampala, pamoja na power supply kubwa zaidi. Msiidharau hiyo power supply. Na kama mnatumia umeme wa jua kama mimi, pimeni inverter kwanza. Yangu ilijizima mara tu nilipoanza render, yaani kuitoa video kamili, nikalazimika kuhamia kanisani kwenye jenereta.

Baada ya hapo kila kitu kiliteleza. Nikatumia programu inayobuni picha za katikati, zile ambazo kamera haikuzipiga, ili mwendo usikatike. Kambale akapanda kilima taratibu, kama mtu wa kwenye matangazo. Nilijivuna, sifichi.

Nikamwita Mama Kavira aone kabla ya wageni. Alitazama mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Ni Kambale, mama."

"Hapana. Kambale alikuwa anaangushaka muguu ya kushoto, tangu alivunjika akiwa mutoto. Kila hatua, pa! Njo vile nilikuwa namujua hata akiwa mbali. Huyu wako anatembea sawa na mutu wa miguu mizima."

Nikairudisha nyuma. Ni kweli. Programu ilikuwa imeuona ule mtikisiko wa mguu kama kasoro ya picha, ikausawazisha.

"Kule balimunyanganya," akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe usimunyanganye tena hapa."

Nilifuta kila nilichobuni. Nikabakiza video yenyewe, nikaongeza mwanga tu.

Siku ya kufunga matanga tulifunika madirisha, tukatundika shuka jeupe juu ya ule mkeka. Kambale akapanda, picha inakatakata, mguu unaanguka. Shangazi mmoja aliyetoka Kayna akapiga yowe kwamba ndiye mwenyewe:

"Njo yeye! Muangalie muguu! Njo yeye!"

Nyumba nzima ikalia. Kilio hicho kilikuwa kimekwama vifuani tangu siku habari zilipofika.

Mama Kavira hakulia. Alisubiri mpaka kiganja kilipofunika kamera na shuka likawa jeusi. Mtu mmoja akaomba irudiwe.

"Hapana," akasema. "Zima. Amefika."

Wakuu, sipingi kuboresha mashine. Yangu inakwenda vizuri na kazi nyingine inanirahisishia sana. Ila nimejifunza kwamba marehemu hawezi kuikataa picha niliyombunia, na kwa sababu hiyo sina haki ya kumbunia hata moja. Siku hizi, kabla sijagusa chochote, nawauliza waliompenda: alikuwa akitembeaje?

Wenzangu mnaofanya kazi hii, nambieni: ninyi huacha nini bila kukigusa? Na kama mnaona nilikosea kumtii mama, semeni pia. Nitasoma yote.