Tiki Moja kwa Kila Kipande

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo cha misitu ilikuwa kuwauliza watu wa mdomo wa mto Ruvuma mikoko inawafaa nini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mradi ulioniajiri ulipanga ofisi mjini Mtwara, mimi nikapanga chumba mtaa wa Shangani. Nilikabidhiwa buti za mpira, ramani na bunda la fomu.

Kwenye ramani mikoko ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na namba yake. Fomu nayo iliorodhesha faida: boriti, kuni, samaki, chaza, asali, dawa, kuzuia maji ya chumvi. Chini yake maelekezo yalisema niweke tiki moja tu, kwenye faida kuu ya kipande hicho.

Sikuona ubaya wake mpaka nilipofika kijiji kimoja mbele ya Kilambo, kuelekea baharini. Mwenyekiti alinikabidhi kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye kila maji yalipokupwa alikuwa mikokoni. Tulikwenda naye kipande cha kumi na saba. Alibandua chaza kwenye mizizi kwa panga butu. Njiani akaokota matawi makavu, akayafunga mzigo. Akabandua ganda la mti wa mkandaa la kutia rangi ukili wa mikeka. Kwenye dimbwi katikati ya mizizi alinionyesha watoto wa kamba, wadogo kama punje za mchele, akasema wakikua ndio wanaovuliwa na wanaume nje huko. Tulipotokea upande wa pili tukakuta shamba lake la mpunga.

"Miti hii ikiondoka," alisema, "chumvi inaingia humu. Nitavuna nini?"

Nikatoa fomu. "Sasa mama, kipande hiki faida yake kuu ni ipi?"

"Ipi kivipi?"

"Moja. Ile inayozidi zote."

Akakitua kikapu. "Mwanangu, umetembea na mimi tangu asubuhi. Umeona nilivyotia humu. Unataka nimwage kipi?"

Niliweka tiki tano. Wiki iliyofuata msimamizi wangu alinirudishia fomu zote za kijiji kile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na feni ya ofisini ilikuwa imekufa.

"Kompyuta haipokei hivi," alisema.

"Lakini bosi, ndivyo ilivyo. Chaza wamekaa kwenye mizizi ya miti ileile. Ukikata boriti umemkosesha mtu chaza, na mpunga wake unakufa. Nadhani hilo ndilo la kuchunguza, faida zipi zinakwenda pamoja na zipi zinagombana."

"Hoja nzuri. Iandike pembeni."

Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, fomu baada ya fomu. Baadaye niligundua kwamba dada aliyeingiza fomu kwenye kompyuta hakuambiwa asome pembeni.

Nilirudi kijijini kuomba jibu moja. Mama alikuwa anaanika mihogo. Hakunikaribisha mkekani.

"Umekuja kuuliza lilelile?"

"Lilelile, mama. Samahani."

"Basi andika unalotaka wewe."

Nikaweka tiki kwenye boriti. Sababu yangu ilikuwa dhaifu: nilikuwa nimeona visiki vingi.

Miezi ikapita, ripoti ikasomwa darasani kwenye shule ya kijiji. Ramani mpya ilibandikwa ubaoni, kila kipande na rangi moja. Kumi na saba kilikuwa cha kahawia, eneo la boriti lililokatwa kupita kiasi, na pendekezo lilikuwa kukifunga mtu yeyote asiingie mpaka miti ipone.

Mama akasimama. "Na chaza?"

Msimamizi akafunua kurasa. "Chaza wako kipande cha ishirini na mbili."

"Huko ni ng'ambo ya mkondo. Nitavuka na nini?" Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu nimetembea naye. Kaona kwa macho yake. Mwambieni aseme."

Nilisimama. Nilisema kwamba mle kuna zaidi ya boriti, na kwamba nilikuwa nimeandika. Msimamizi akasema limepokelewa, akaendelea. Nikakaa. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyokaa upesi, uso unanichoma.

Kibao kilipigwa misumari kwenye mti wa kwanza. Wanawake wakafukuzwa. Wakataji boriti hawakufukuzwa na mtu, kwa sababu walioshinda mle na kuwapigia kelele walikuwa wanawake haohao.

Likizo yangu iliyofuata nilikwenda kwa nauli yangu, na daftari la shule, nikaomba kuandika upya. Mama alinisikiliza, mwisho akasema, "Usiniulize kitu. Nifuate tu." Bamvua lote, siku ambazo maji hupwa sana, nilimfuata yeye na wenzake, kwenye vipande vilivyokuwa bado wazi, nikiandika nini kimeokotwa wapi, pamoja na nini, na kipi kilikosekana palipokatwa. Kurasa kwa kurasa zilisema jambo moja: vile vitu havikuwa vimekaa kimoja kimoja popote.

Nilipolipeleka daftari mjini, mradi ulikuwa umekwisha nikiwa bado likizo. Mlangoni kulikuwa na kufuli, na mlinzi aliniambia meza zimeshachukuliwa.

Mwenyekiti ndiye aliyelibeba mpaka wilayani, akasumbuka nalo ofisi hadi ofisi. Ilichukua zaidi ya mwaka. Walichopata wanakijiji ni ruhusa ya mdomo: wanawake waingie kumi na saba maji yakipwa, wasiguse miti mibichi. Kibao hakikuondolewa.

Nilikuwepo siku ya kwanza walipoingia. Tulikuta mizizi mingi imekatwa na kuoza, na chaza wachache, wadogo. Mama alizunguka, akainama mara mbili tatu, akainuka.

"Hawa tuwaache," aliwaambia wenzake.

Tukatoka kupitia shambani kwake. Upande wa karibu na mikoko mpunga ulikuwa umebabuka kwa chumvi, rangi ya majani makavu.