Kompyuta Iliyotengenezwa Iringa

Baba mkwe wangu alikaa nyumbani kwetu Mbeya majuma sita, na sikuuona uso wake hata mara moja. Nyumba ilikuwa ya idara: vyumba viwili, sebule, jiko, na ujia wa hatua nne katikati. Wanyakyusa wana mila ambayo mtu wa kuja kama mimi huelezwa siku ya posa na kuielewa baadaye sana. Mkamwana na baba mkwe hawakutani, hawatazamani, hawasemezani. Mzee akitokea njiani, mkamwana anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Kule kwao Rungwe migomba ipo ya kutosha. Kwenye nyumba ya idara, migomba unaitoa wapi?

Kwa hiyo tuliishi kwa kukohoa. Mzee akitaka kutoka sebuleni alikohoa mara mbili, nami nikajifungia jikoni. Mimi nikitaka kwenda bombani niligonga sufuria kwa mwiko, naye akageukia ukuta. Siku moja tulikohoa na kugonga kwa wakati mmoja, kila mtu akangoja mwenzake, mwisho nikatokea dirishani na ndoo mkononi. Jirani aliniuliza kama nyumba inaungua.

Alikuja kwa sababu ya mguu. Aliteleza kwenye mtaro wa shamba lake la chai, mfupa wa muundi ukavunjika, hospitali wakamfunga plasta ngumu mpaka juu ya goti. Daktari alimwambia mume wangu waziwazi: majuma sita bila kuukanyagia. Akirudi kijijini na kuanza kupanda vilima vyake kabla ya hapo, mfupa utaunga vibaya, na huenda mguu wote ukakatwa. Basi kazi yetu ikawa moja tu, kumkalisha mzee kwenye kiti. Na mzee huyo hakuwahi kukaa kitini siku nzima tangu kuzaliwa kwake, isipokuwa kanisani, na hata huko alikuwa akitoka kabla ya matangazo.

Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa drafti. Juma la kwanza aliwafunga majirani wote. Juma la pili alimfunga mganga aliyekuja kutazama plasta, akamfunga mwinjilisti aliyekuja kumwombea, akamfunga mume wangu kila jioni mpaka nikamwonea huruma. Halafu wageni wakaacha kuja. Mzee akaanza kuuliza basi la Tukuyu, la kwenda kwao, linaondoka saa ngapi.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia katika maisha yetu. Mchungaji mmoja wa kwao alikuwa amerudi kutoka masomoni Ujerumani na kusimulia kwamba huko kuna mashine inayoitwa kompyuta, inacheza na mtu, nayo ilimfunga yeye mwenyewe. Mzee hakushangazwa na hilo la mwisho, maana mchungaji yule alikuwa mchezaji dhaifu. Lakini alimwita mume wangu na kumwagiza atafute kompyuta, na isiwe ya kawaida. Alitaka yenye nguvu. Iweze kuona hatua sita mbele. Ikumbuke makosa ya jana. Isicheke ikishinda wala isinune ikishindwa, kama walivyozoea majirani. Mume wangu, kwa kutafuta njia ya kukwepa, akasema amesikia mashine za namna hiyo hupata joto sana. Mzee akajibu kwamba ni vizuri, Mbeya kuna baridi.

Sasa mume wangu alikuwa karani wa stoo. Kompyuta alikuwa hajaiona hata kwenye picha. Lakini baba amesema, na basi la Tukuyu lipo kila asubuhi, kwa hiyo akaanza kuleta kila chenye vitufe. Kwanza aliazima kikokotoo cha bosi wake, kile kinachowaka namba nyekundu, akakileta kwenye mfuko wa chakula. Mzee alipanga kete, akasukuma moja, akangoja. Kikokotoo kikaonyesha sifuri. Akasukuma nyingine. Sifuri. Aliendelea hivyo kwa muda wa kutosha kuivisha maharage, akicheza na kuzila kete zote za upande wa pili, kisha akatoa uamuzi wake kwamba mashine ina adabu, na angalau inasema kweli kuhusu hali yake, lakini mchezo haiujui.

Ya pili ilikuwa mashine ya kujumlishia ya mkono, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo ukizungusha mpini inakereza mpaka meno yanauma. Hiyo mzee aliipenda. Alisema hii inafikiri, unaisikia kabisa. Ila nayo haikucheza. Alipoirudisha alimwambia mwanawe kwamba Jumamosi atapanda basi.

Lazima niseme kuhusu mimi. Nilizaliwa Ruaha Mbuyuni, mkoa wa Iringa, kando kabisa ya barabara kuu. Baba yangu alilima vitunguu, nami nilikaa navyo barabarani. Malori ya kwenda Zambia yaliharibika pale kama kwa zamu, madereva wakangoja spea siku tatu nne, na dereva anayengoja spea hana la kufanya isipokuwa drafti. Nilianza kwa kuwaokotea vizibo vya soda. Nilipofika umri wa kuolewa walikuwa wakinikimbia. Mume wangu mwenyewe alinipata hivyo: basi lake lilipata pancha, akashuka, nikamfunga mara saba, na wiki iliyofuata akarudi bila pancha.

Kati ya jiko letu na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, chenye pazia. Kupitia upenyo wa pazia niliona ubao, mikono ya mzee na kisogo cha mume wangu. Mikono ile niliijua vizuri kuliko ya mtu yeyote, mikavu, yenye kucha fupi, isiyo na haraka. Nilivumilia jioni kadhaa. Kisha nikashindwa, na kila mume wangu alipogusa kete isiyofaa nikaangusha mwiko. Alielewa upesi. Mchezo wake ukapanda. Siku niliyokwenda sokoni akafungwa vibaya, na mzee akauliza, bila kuinua kichwa, kama leo jikoni hawapiki.

Ijumaa mume wangu alikuja jikoni, akafunga mlango, akaniambia kompyuta ni mimi.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimekuwa mke katika ukoo huu miaka minne, nimeruka madirisha, nimenyeshewa na mvua nyuma ya choo nikimngoja baba yake amalize kuota jua, sijawahi kuambiwa hata umeamkaje, na sasa mnataka niwe mashine. Yeye alisema tu, mguu wa baba. Hasira zikaniisha, kwa kuwa niliyakumbuka maneno ya daktari.

Tulitumia kabati la redio kubwa ya zamani, ile yenye sehemu ya santuri juu, ambayo fundi alishakula viungo vyake vyote. Tulilisimamisha mbele ya kidirisha, mgongo wazi kuelekea jikoni. Mume wangu aliandika namba kwenye miraba ya ubao kwa chaki, moja hadi thelathini na mbili. Mzee angesema hatua yake kwa sauti, mimi ningezungusha cherehani yangu ya mkono bila kitambaa ili kompyuta isikike ikifikiri, kisha ningesukuma karatasi yenye namba kwenye tundu la mbele, nililotumia pia kuuona ubao. Jumamosi asubuhi mzee alikuwa ameshavaa koti la safari. Alilitazama kabati kwa muda.

"Imetengenezwa wapi?" akauliza.

"Iringa," mume wangu akasema, kabla hajafikiri.

"Kumbe Iringa wanatengeneza kompyuta."

"Ni moja tu, baba."

Fimbo ya mzee iligonga sakafu mara mbili tatu, polepole. Kisha akasema basi, iwashwe, na akavua koti.

Nilimfunga mchezo wa kwanza, akanifunga wa pili, wa tatu tukatoka sare. Basi la Tukuyu likaondoka bila yeye. Kesho yake asubuhi nilimsikia akijikokota mpaka kwenye kiti, akakohoa kidogo, na kuliambia kabati: "Kamwene."

Hiyo ni salamu ya kwetu. Alimweleza mwanawe kwamba mashine ya Iringa isiposalimiwa kwa lugha yake inaweza kukataa kuwaka. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa cherehani, machozi yananitoka, na sikuweza kuitikia. Nikazungusha mara mbili. Akasema vema, imeamka.

Tangu siku hiyo mambo yakawa ya kichaa na hakuna aliyecheka. Maharage yakianza kuungua nilisukuma karatasi iliyoandikwa JOTO, na mzee akakubali mashine ipumzike. Alimuuliza mwanawe inatumia mafuta gani maana inanukia vitunguu, akaambiwa ndivyo zilivyo za Iringa. Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima na kompyuta ikaendelea kufikiri, na mzee akaisifu kwa wageni kwamba ni imara. Mwinjilisti alitaka kuchungulia nyuma ya kabati aone nyaya. Mzee alimwekea fimbo kifuani na kumwambia kwamba mashine hii haitazamwi nyuma. Mwinjilisti akarudi kukaa.

Juma la nne niliharibu kila kitu. Mchana mzee alimwambia mwanawe kwamba chumvi imezidi, na kwamba mjini watu wanajua kuoa ila hawajui kuchagua. Sijui aliudhiwa na nini; labda mguu ulikuwa unamwasha. Nilisikia kila neno, kidirisha kilikuwa wazi. Alasiri ile nilimfunga mara tano mfululizo. Sikumhurumia. Mchezo wa mwisho nilikuwa na kingi tatu, yeye ana kingi moja pembeni, na badala ya kummaliza nikamzungusha ubao mzima kama kuku anayefukuzwa. Kisha nikaila.

Mzee akamwita mwanawe na kumwambia akunje mablanketi. Alisema hakuja Mbeya kudharauliwa na kabati. Mume wangu alisihi, akataja mguu, akataja daktari. Nikasikia magongo yakiburutwa na mzee akihema, anasimama.

Yalibaki majuma mawili. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hofu ya kweli, maana mguu ule ukikatwa ningejua hadi kaburini umekatwa kwa sababu ya chumvi. Kutoka nje na kumzuia sikuweza. Kumwita sikuweza. Nikachana karatasi kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza sikuandika namba. Nikaisukuma kwenye tundu, nikazungusha cherehani kwa nguvu ili aitazame.

Niliandika: *Baba, nimekosa. Usiondoke. Hakuna mwingine anayenifunga.*

Magongo yakasimama. Nilimsikia akiichukua karatasi, nikamsikia akiisoma kwa kunong'ona, kama wasomavyo watu waliojifunzia kwenye Biblia. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa. Mkamwana amemwambia mkwe wake neno. Hata kwa karatasi, ni neno.

"Mashine haisemi," mzee akasema hatimaye. Akakaa. Kiti kililia. "Basi hii haikusema. Panga kete."

Plasta ilikatwa siku iliyopangwa. Mfupa ulikuwa umeunga sawasawa, na mzee akapanda basi la Tukuyu kwa miguu yake miwili na fimbo moja. Kabla hajatoka alilikoholea kabati na kusema, "Ndaga," asante ya kwao, kisha akauliza kama atakuwa ameacha kitu. Mimi nilikuwa jikoni, uso ukutani, kama inavyotakiwa.

Mwezi uliofuata mtu wa kwao alituletea mkungu wa ndizi na furushi. Ndani mlikuwa na kitenge, doti nzima, na barua kwa mume wangu. Mzee aliandika kwamba nyumba za mjini zina vumbi, hivyo ametuma kitambaa cha kuifunikia ile kompyuta. Kisikatwe. Amenunua doti nzima kwa kuwa mashine za Iringa, anasikia, ni ndefu.

Pasaka tulikwenda Rungwe, nami nilikivaa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwenye njia ya kisimani niliposikia kikohozi mara mbili. Nikaingia migombani, nikageuza mgongo, nikainamisha kichwa. Hatua zikaja, mguu na fimbo, mguu na fimbo, mguu haukuburuzwa. Zikafika nyuma yangu, zikasimama. Mzee akaiambia migomba, taratibu:

"Ishirini na mbili kwenda kumi na nane."

Nilifikiria mila yote niliyofundishwa, moja baada ya nyingine, na sikukumbuka iliyokataza namba.

"Tisa kwenda kumi na tatu," nikasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti yangu ikimjibu. Aligonga fimbo chini mara mbili, akifikiri hatua yake, kisha akaendelea na safari.