Siku Mkaguzi Alipopewa Kiwanja

Nilikuwa mwalimu mkali, na nilijisifia ukali wangu. Kwetu Burundi nilifundisha miaka kumi na miwili. Nikisema "kruaze", darasa zima linakunja mikono kifuani, kimya kinatanda, unasikia mbuzi wa jirani akitafuna. Nilipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nikapewa Darasa la Tatu, nikaendelea vilevile, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na Kiswahili pale Kiingereza kinaponikimbia. Nikiwapa watoto mgongo waliniita Madamu Kruaze. Nilijua, na jina lilinipendeza.

Halafu mtaala ukabadilishwa.

Tuliitwa Mbarara siku tatu, walimu wa kambini na walimu wa vijijini, tukajazwa ukumbi mmoja ili tufundishwe upya kufundisha. Mkufunzi, kijana mwenye sauti ya mhubiri, akatuambia kwamba tangu sasa mwalimu ataongea kidogo na mtoto ataongea sana. Mtoto haambiwi soko ni nini, anaigiza soko. Mada ya kwanza ilikuwa "Mahali Petu". Nikamnong'oneza mwenzangu, mzee mmoja mwenye mvi anayefundisha kambi ya Oruchinga, "Sasa mimi nitafanya nini, nitawashikia mlango?"

Akaangua kicheko, tukaonekana, tukaitwa mbele. Tukaamriwa turuke kama vyura ili tuionje mbinu mpya. Mzee wa watu akaruka kwa moyo wote hadi kiatu kikamtoka, kikaenda kugonga ukuta. Nami nilicheka nikakaa chini sakafuni, pale pale mbele za watu. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nilipovuka mpaka.

Ila jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Vyeti vyetu vya Burundi vilikuwa bado havijakubaliwa Uganda, na mwalimu mkuu alikuwa ameniambia wazi. Mkaguzi angekuja kutazama somo langu moja kwa mtaala mpya. Likipita, Darasa la Tatu ni langu. Lisipopita, darasa apewe mwenye cheti cha Uganda, nami nirudi kwenye maharage yangu shambani. Maharage nayapenda sana, lakini hayajawahi kuniita madamu.

Kabla ya kuondoka Mbarara nilipita dukani kwa Hajji mmoja anayeuza vifaa vya shule karibu na msikiti. Nikaomba karatasi kubwa za manila, kalamu za rangi na fimbo ya kuonyeshea ubaoni.

"Madamu, mtaala ni mpya, fimbo ya nini tena?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani. "Mimi mtoto yangu nasoma hiyo mpya. Narudi nyumbani naniuliza maswali, mimi baba yake. Jana naniuliza kwa nini chumvi inayeyuka na mchele hapana. Nyinyi mtatumaliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aulize mama yake."

Fimbo nikaiacha. Manila nikabeba.

Somo langu nililipanga hadi pumzi. Tungeigiza soko. Nilileta nyanya kwenye beseni, vitunguu, dagaa kidogo, na mawe ya kupimia. Nikaandika kwenye kaye, daftari langu la masomo, nani auze, nani anunue, nani aombe apunguziwe, nani akatae. Siku yenyewe nilipiga ishara ya msalaba mara mbili kabla ya kuingia darasani.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kinyankore, mrefu, kimya, na fomu zake kwenye faili. Akaenda nyuma kabisa, akajikunja kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika karibu na kidevu. Nikasalimu darasa. Halafu, kwa kutaka kumfurahisha, nikajiponza.

"Leo mtatuonyesha mahali petu," nikasema. "Mchague wenyewe mtaonyesha nini."

Mchague wenyewe. Neno la mkufunzi lile, lilinitoka tu. Sikuwa na wasiwasi, beseni la nyanya lilikuwa mbele ya macho yao. Nani angechagua kitu kingine?

Msichana mmoja wa dawati la mbele, Mkongomani, binti wa fundi cherehani, akainuka. Akavuta meza yangu. Akakalia kiti changu. Akachukua kaye yangu na kalamu yangu, akakunja uso, akapiga meza kwa kiganja.

"Batu bote mu mustari," akasema.

Darasa zima likaelewa kabla yangu. Ndani ya dakika moja wote walikuwa wamejipanga, mikoba kichwani, sweta zimefungwa mgongoni kama watoto wachanga, wengine wanachechemea kwa safari ndefu. Mmoja akashika rula akawa polisi wa kunyoosha mstari. Hapo ndipo nikatambua. Walikuwa wamechagua Kabazana, kituo tulichopokelewa sote tulipofika, pale unapoandikwa jina na kulala na wenzako wengi ukisubiri kiwanja. Nyanya zangu zikageuzwa posho, nusu nyanya kwa kila kichwa.

Mimi Kabazana nililia wiki nzima. Hawa walikuwa wanaicheza kwa raha kama wanacheza harusi.

Nikafungua mdomo niseme kruaze. Nikamtazama mkaguzi, nikaufunga. Somo lilikuwa limeniponyoka, na mpango wangu wa soko ulikuwa chini ya kiwiko cha karani wa miaka tisa.

Karani huyo akainua macho. "Ule mama kule nyuma," akasema, "mbona hajapanga mustari?"

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini mkaguzi akajikunjua kutoka kwenye dawati, akaja, akasimama nyuma ya mtoto mwenye mkoba kichwani. Polisi akamsogeza kwa rula, akasogea. Zamu yake ikafika.

"Uko na batu ngapi?"

"Mimi peke yangu."

"Bana wako wapi?"

"Watoto nimewaacha Mbarara."

Karani akaandika kwa muda mrefu sana. "Rudia kesho. Karani anaenda kula."

"Hapana," mkaguzi akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Mimi natoka mbali. Nataka kiwanja leo leo."

Kando ya meza alikuwa amesimama mtoto aliyejiteua kuwa mkalimani. Akakohoa, akamgeukia karani, akatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, "Anasema anatoka mbali, anataka kiwanja leo leo."

Nilijaza kitenge mdomoni. Machozi yalinitoka, mbavu ziliniuma, nikashikilia ubao nisianguke. Nilikuwa ninapoteza kazi mbele ya macho yangu mwenyewe na siwezi kuacha kucheka.

Karani akakubali. Kiwanja kikapimwa kwa hatua kati ya madawati, kikachorwa kwa chaki sakafuni. "Hapa ni kwako. Jenga." Mkaguzi akaketi ndani ya mistari ya chaki, na gauni lake zuri, akafungua faili akaanza kujaza fomu. Kisha akaniita kwa kidole. Nikachuchumaa ukingoni mwa kiwanja chake, kicheko kikaniisha mwilini.

"Madamu, ulipanga hii?"

"Hapana, mama. Mimi nilipanga soko."

Akaitikia kwa kichwa. "Wewe natoka wapi? Ulifika hapa lini?"

Kabla sijajibu, karani alikuwa amekwisha kufika, kaye kwapani. "Mama, wewe uko mgeni. Hauwezi kuuliza batu. Kuuliza ni kazi yangu."

"Basi muulize wewe," mkaguzi akasema.

Yule msichana akanitazama toka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama wanavyotutazama makarani. Nikajikuta nimesimama wima, mikono ubavuni. Nikaanza kutafuta majibu, jina, wilaya, mwaka.

Hakuuliza hata moja. Alifunga kaye.

"Uyu tunamujua," akasema. "Uyu hatumuandike. Ni wa hapa."

Mkaguzi alibaki na kalamu hewani. Halafu akainama kwenye fomu, akashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, palipoulizwa kama mwalimu aendelee na darasa, akaweka alama kwenye ndiyo. Niliiona kwa macho yangu.

"Mwingine," karani akaita, na nikasogea pembeni, maana nyuma yangu watu walikuwa bado wengi.