Askari aliyesubiri mtoto atolewe nje, Heru Juu

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni bibi wa watu sasa, mnivumilie nikiandika polepole. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Miaka ya sabini nilikuwa mtoto pale Heru Juu, Kasulu. Warundi walikuwa wanakimbia mauaji kwao. Bibi yangu alimpokea mmoja, Spesiyoza, mjamzito, mume hajulikani alipo.

Lugha haikuwa shida, Kiha na Kirundi ni ndugu. Ndiye alikuwa ananisuka. Nilimpenda jamani!

Serikali ikatoa amri. Kwa usalama wa mpaka, wakimbizi wapelekwe makazini, mbali huko Tabora, na kutoka ni kwa kibali tu. Balozi wa nyumba kumi akamtaja Spesiyoza. Simlaumu, ndiyo kazi aliyopewa.

Askari akaja na lori. Spesiyoza ndiyo kwanza amejifungua.

Bibi akasimama mlangoni, akamwita askari mwanawe kwa Kiha. "Mwana wanje, mzazi hatoki kabla mtoto hajatolewa nje. Kwenu hamjui hilo?"

Askari mwenyewe Muha wa Kibondo. Akavua kofia, akamwambia dereva waondoke, watarudi mtoto akishatolewa.

Kwa wasiojua: siku ya kumtoa mtoto nje, watoto wa jirani tulilima kipande kidogo cha shamba, tukalishwa, kisha kila mmoja akampa mtoto jina. Mimi nilikuwa nimeshiba, nikamwita Maharage. Watu walicheka! Spesiyoza alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kesho yake lori likarudi. Askari yuleyule alimbeba mtoto hadi garini, kamfunika na koti lake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaniuma zaidi, maana nakosa wa kumkasirikia.

Spesiyoza akamuuliza, "Afande, nikitaka kuja kumsalimu huyu mama, ruhusa nitaomba kwa nani?"

Afande akamshika mkono, akampandisha garini.

Nilichojifunza: nchi lazima ilindwe, sibishi. Ila anayetoa amri akumbuke kwamba hata mkimbizi anapata mama mahali alipofikia.

Wenye wazee waliopita makazini, hebu tuambieni, waliwahi kuruhusiwa kurudi kusalimia? Andikeni hata mstari mmoja, nitasoma yote.

Wetu hakurudi. Bibi, mpaka anaingia kaburini, akisikia lori barabarani alikuwa anatoka nje kuangalia.